Mwalimu mgeni North Carolina: "Watoto 28 wamenishinda wiki ya kwanza, nirudi nyumbani?"

"Shikamoo mwalimu. Nimefundisha Hisabati shule ya sekondari ya kata mkoani Morogoro kwa miaka 7, na darasa la wanafunzi 80 halijawahi kunishinda. Agosti hii nimeanza kazi katika shule ya umma North Carolina, Marekani, darasa la saba, kwa viza ya J-1, ile ya mpango wa kubadilishana utamaduni. Wiki ya kwanza imenivuruga kabisa. Jumatatu kengele ilipolia watoto waliingia kwa makelele, hakuna aliyesimama wala kunisalimia. Jumanne nilikosea kujaza mahudhurio kwenye kompyuta, mama wa mtoto aliyekaa mbele yangu akapigiwa simu kwamba mwanawe hajafika shuleni. Jumatano king'ora cha moto kililia, sikujua tutokee mlango upi. Nikitaja namba wanacheka, wanauliza 'what?' Mmoja anazungukazunguka darasani, mwingine analaza kichwa mezani. Alhamisi nilimshika bega yule anayezunguka nimrudishe kwenye kiti, akapiga kelele nisimguse, na mchana naibu mkuu wa shule akaniita ofisini. Ijumaa nilijifungia chooni nikalia. Ni watoto 28 tu! Wananidharau kwa sababu mimi ni Mwafrika? Niwe mkali zaidi? Au nikubali nimekosea, nirudi nyumbani?"

Marahaba mwalimu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonigusa zaidi ni lile neno "tu" uliloliweka baada ya 28. Humo ndimo lilimo jeraha. Miaka 7 umewaongoza watoto 80 kwa chaki na sauti yako, leo theluthi ya hao wamekutoa machozi, na sasa unajiuliza kama ule ualimu wa Morogoro ulikuwa wa kweli. Ulikuwa wa kweli. Mimi nimefundisha sekondari, nikaja kufundisha chuo cha ualimu, na katikati ya hapo nilikaa Marekani miaka 3 kwa viza kama yako. Wiki unayoisimulia naifahamu, hata harufu ya korido zake bado ninayo. Nitakujibu maswali yako yote matatu, ila kwanza nikueleze kilichotokea Jumatatu, maana mengi ya wiki nzima yametokana na dakika tano za siku hiyo.

Turudi Morogoro kidogo. Kabla hujaingia kipindi cha kwanza, watoto wako walikuwa wameshafanya usafi, wamesimama paredi, wameimba wimbo wa taifa, na mwalimu wa zamu amewakagua sare na nywele. Wewe ndiye uliyewakuta darasani mwao. Ulipotokea mlangoni monita alitoa amri, viti vikaburuzwa, wote wakasimama wakakuamkia kwa sauti moja. Mfukoni mwa monita mlikuwa na karatasi ya majina ya wapiga kelele. Nyuma ya monita alikuwapo mwalimu wa nidhamu, nyuma yake mkuu wa shule, na nyuma ya wote mzazi ambaye akiitwa shuleni huja akiwa ameshaamua kwamba mwalimu ana haki. Utulivu ulikuta umeshapikwa na kupakuliwa. Kazi yako ilikuwa kufundisha logariti.

Huko uliko mambo yamepangwa kinyume. Mwalimu ndiye mwenye chumba, watoto ndio wanaohama. Kipindi kikiisha shule nzima inamwagika koridoni, kila mtoto na ratiba yake, na wanapewa dakika chache sana za kufungua kabati, kwenda chooni, kuongea na rafiki ambaye hawasomi naye, kisha wafike kwako kabla kengele haijalia tena. Hakuna mkondo A wala B unaokwenda pamoja, hakuna monita. Hao 28 wanatoka vyumba mbalimbali vyenye masharti mbalimbali: kwa mwalimu mmoja ruksa kuongea, kwa mwingine kimya, kwa mwingine kuna mito sakafuni watu wanakaa watakapo. Kila wakivuka mlango wanauliza bila kutamka: humu kanuni ni ipi? Asipokuwapo wa kuwajibu mapema, wanajijibu wenyewe. Jumatatu wewe ulisimama mbele ukingoja wasimame wakuamkie. Wao wakangoja uwaambie la kufanya. Mlingojana, na kelele zikajaza pengo.

Kwa hiyo swali la kwanza, la dharau. Kukaa ulipoingia si dharau, kwa sababu desturi ya kusimama haipo katika shule nyingi za kule. Kukukazia macho usoni pia si ufidhuli: kwao mtoto anayemtazama mkubwa machoni ndiye anayesikiliza, na anayeinamisha macho, kama tulivyolelewa sisi, hudhaniwa ana jambo analificha. Hata kuuliza "kwa nini tunafanya hivi?" katikati ya somo ni jambo wanalofundishwa tangu wadogo. Ukiyachukua haya matatu ukayapima kwa mizani ya nyumbani, kila siku utarudi umetukanwa mara hamsini na watu ambao hawakukutukana.

Hilo halina maana kwamba ubaguzi haupo. Upo, na sitakuambia uufumbie macho. Vurugu za wiki ya kwanza peke yake haziuthibitishi, kwa kuwa mwalimu Mmarekani mweupe aliyetoka chuo mwaka huu anapata vurugu hizohizo. Kitakachouthibitisha ni maneno au matendo yanayolenga rangi yako, nchi yako au lugha yako: mtoto anayekuigiza sauti za wanyama, mzazi anayeandika kwamba hataki mwanawe afundishwe na "mtu wa huko". Likitokea la namna hiyo, andika siku, saa, maneno yenyewe na waliokuwapo, kisha lipeleke kwa mkuu wa shule kwa barua pepe, lisiishie kwa mdomo koridoni. Sheria ya Haki za Raia ya Marekani ya mwaka 1964 inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa rangi au asili yake, na viza ya muda haikuondoi chini ya ulinzi huo. Ila usiingie darasani Jumatatu ukiwa umeshawahukumu watoto wa miaka 12 kwa kosa ambalo huenda hawajalifanya. Mtoto huliona hilo usoni mwako kabla hujafungua kinywa.

Sasa lafudhi, ambalo watu hulichukulia kama jambo la aibu wakati ni jambo la ufundi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: mwa-LI-mu, hi-sa-BA-ti, da-RA-sa. Tunauhamishia mkazo huo kwenye Kiingereza bila kujua, na kwa mwalimu wa Hisabati gharama yake ni kubwa. Sikio la Mmarekani hutofautisha "thirteen" na "thirty" hasa kwa mahali mkazo unapoangukia: katika 13 mkazo uko mwishoni, katika 30 uko mwanzoni. Ukiutamka "thirteen" kwa mkazo wetu, kinachosikika ni 30. Vivyo hivyo 14 inageuka 40, 15 inakuwa 50, hadi 19 inayokuwa 90. Mfikirie binti wa safu ya tatu: amekusikia ukisema 30, ameandika 30, amefanya hesabu yake vizuri, kisha ubaoni anaona jibu lililotokana na 13. Anauliza "what?" kwa sababu amepotea kweli. Wenzake wanacheka kwa kuwa nao wamepotea, na kicheko ndicho kichaka cha mtoto wa umri huo.

Dawa yake ni mbili. Kila namba unayoitamka iandike hapohapo, na namba za kumi na kitu uzivute mwishoni mpaka uzoee. Jirekodi kwenye simu usiku, sikiliza, rudia. Ya pili, badilisha msamiati wa Hisabati, kwa kuwa tumerithi ule wa Uingereza na wao wana wa kwao. Ulichokizoea kama "gradient" wao ni "slope". "Brackets" za kwetu kwao ni "parentheses", "indices" ni "exponents", "trapezium" ni "trapezoid", H.C.F. (kigawo kikubwa cha shirika) ni G.C.F., na BODMAS, ule mpangilio wa kipi kianze katika hesabu, wanaiita PEMDAS. Kifutio usikiite "rubber" hata kwa bahati mbaya, maana kwao neno hilo humaanisha kondomu, sema "eraser". Kama wiki hii uliwaambia watoe "rubber", basi kicheko kimoja tumeshakijua chanzo. Tarehe nayo huanza na mwezi: 3 Septemba utaandika 9/3. Karatasi moja ya maneno haya, ibandike ukutani nyuma ya darasa mahali unapoweza kuitazama ukiwa unafundisha.

Nimemwacha makusudi mtoto anayezunguka na yule anayelaza kichwa, maana hapo ndipo nami niliwahi kuumia, na ndipo ningependa ukae kwa makini zaidi.

Wiki yangu ya kwanza nilikuwa na mvulana ambaye kila baada ya muda mfupi aliinuka, akaenda hadi dirishani, akagusa kioo, akarudi. Siku ya kwanza nilimkemea. Siku ya pili nikamhamishia mbele. Siku ya tatu nikamtoa nje koridoni, akasimama huko kipindi kizima, paji la uso limeegemea ukuta. Jioni mwalimu wa elimu maalumu alikuja chumbani kwangu, akavuta faili la bluu kutoka kwenye rundo la makaratasi niliyopewa siku ya kuripoti, ambayo sikuwa nimeyafungua kwa kuwa nilikuwa nahangaika na ratiba. Ukurasa wa pili uliandikwa wazi: mwanafunzi huyu aruhusiwe kusimama na kutembea kila baada ya dakika 20. Aliyekuwa anatii maandishi ni yule mtoto. Aliyeyavunja ni mimi. Hakuna aliyekuwa amenieleza uzito wa faili lile, na shule ilipaswa kunieleza, lakini paji la uso lililoegemea ukuta lilikuwa la mtoto aliyekabidhiwa kwangu, na bado naliona.

Faili hilo wanaliita IEP, yaani mpango wa elimu wa mtoto mmoja mmoja mwenye ulemavu au ugumu wa kujifunza. Linatokana na sheria ya mwaka 1975 iliyowapa watoto wote wenye ulemavu haki ya kusoma bure katika shule za umma. Kuna na jingine linaloitwa mpango wa 504, ambalo chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1973. Hili humhusu hata mtoto mwenye kisukari, pumu kali, au ugumu wa kutulia na kuzingatia. Sisi tumezoea kumtambua mlemavu kwa macho: haoni, hasikii, anatembelea gongo. Kule ulemavu unaweza kuwa wa kushindwa kukaa dakika 40, na hauonekani. Yaliyoandikwa humo yana nguvu ya sheria. Si ushauri ambao mwalimu anaufuata akipenda. Kama umeandikiwa kwamba mtoto apewe muda wa ziada kwenye mtihani ukamnyima, umeivunja sheria, na mzazi anaweza kuishitaki wilaya ya elimu.

Sisemi kwamba watoto wako wawili wana mafaili. Nasema kabla ya Jumatatu uhakikishe. Ingia kwenye mfumo wa shule, tafuta alama pembeni ya majina, au mwandikie mwalimu wa elimu maalumu mistari miwili: "Naomba orodha ya wanafunzi wangu wenye IEP na 504, pamoja na yale ninayopaswa kuwafanyia." Ombi hilo halikudhalilishi hata kidogo, watakuona mwalimu makini. Anayelaza kichwa akiwa hana faili, basi muulize pembeni, kwa sauti ya chini, kama amelala vya kutosha na kama amekula. Wapo watoto katika nchi ile tajiri wanaoamka nyumba haina chakula. Shule nyingi zina kifungua kinywa cha bure. Huenda yeye anachelewa basi na kukikosa.

Swali la pili: uwe mkali zaidi? Nadhani unamaanisha sauti kubwa, kufoka, kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake. Hapana. Ukali wa sauti nyumbani ulifanya kazi kwa sababu mtoto alijua kilicho nyuma ya sauti. Tanzania sheria bado inaruhusu viboko kwa masharti, visizidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na hata mwalimu asiyeshika fimbo kamwe hufundisha chini ya kivuli chake. Kule kivuli hicho hukuti. Ukifoka wanasikia kelele tu, na mtoto wa miaka 12 akikemewa mbele ya hadhira analazimika kuchagua kati ya kukutii wewe na kulinda heshima yake kwa rafiki zake. Atawachagua rafiki zake. Ungekuwa na umri wake ungefanya hivyohivyo.

Kinachohitajika ni uthabiti, na uthabiti unajengwa kwa mazoea yanayorudiwa hadi yawe kama njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Hivyo wiki ijayo punguza Hisabati. Najua inauma, na azimio la kazi linakusukuma, lakini siku tatu ukizitumia kujenga mazoea utazirudishiwa kabla Septemba haijaisha. Simama mlangoni kabla ya kengele, nusu mwili koridoni nusu darasani, mwite kila mtoto kwa jina anapopita. Kama majina yanakuchanganya, na yatakuchanganya, waandike majina kwenye karatasi ngumu iliyokunjwa wayasimamishe mezani, nawe uwe na ramani ya viti. Ubaoni pawe na maswali matatu mepesi wanayoyaanza wakikaa, kila siku mahali palepale, bila kungoja amri yako. Wakiwa wanayafanya, wewe jaza mahudhurio kwa kufuata viti, usiite majina kwa sauti. Kosa la Jumanne lingezuilika kwa njia hiyo: mfumo wa kompyuta ukipokea alama ya "hayupo" hupiga simu nyumbani wenyewe, hauna mtu wa kuchungulia kama mtoto yupo. Yule mama umempigia? Mpigie. Sema jina lako, sema umekosea, sema mwanawe yuko salama na siku ile alifanya kazi gani. Dakika mbili. Mzazi wa kwanza kukutetea mwaka huu anaweza kuwa yeye.

Wakiingia kwa fujo, watoe nje kwa upole waingie upya. Waeleze kwamba mnafanya mazoezi kama timu inavyofanya mazoezi, hakuna anayeadhibiwa. Rudieni mara mbili, mara tatu, uso wako ukiwa mkunjufu. Na ukitaka kimya usiseme "shhh", maana hiyo nayo ni kelele. Wafundishe yale makofi yetu: wewe unapiga matatu, wao wanajibu matatu, kisha mikono inatulia mezani. Nilikuwa naona aibu kuwaletea watoto wa Kimarekani mambo ya shule ya msingi, nikajaribu siku moja kwa kukata tamaa, na walikuwa wakiniomba turudie. Isitoshe, masharti ya viza yako yanakutaka kila mwaka ufanye shughuli ya kubadilishana utamaduni na shule au jamii inayokuzunguka. Kuwafundisha kuhesabu moja hadi kumi kwa Kiswahili kabla ya somo la namba hasi ni mwanzo mzuri wa hilo.

La king'ora ni jepesi. Karibu na mlango wako pana karatasi yenye ramani ya njia ya kutokea. Kama haipo, idai kesho. Tembea njia hiyo peke yako baada ya masomo, hadi pale mnapopaswa kusimama. Ukitoka beba orodha ya majina, wahesabu nje. Kuna na zoezi la pili, la kufunga mlango, kuzima taa na kukaa kimya mbali na dirisha, ambalo wanalifanya kwa hofu ya mtu mwenye silaha. Litakutisha mara ya kwanza. Linamtisha kila mtu anayetoka kwetu, na watoto huliona ni la kawaida, jambo ambalo mimi binafsi lilinihuzunisha kuliko zoezi lenyewe. Uliza mapema ufanye nini, ili usijifunzie gizani.

Sasa Alhamisi. Najua ulimshika bega kama mama anavyomshika mtoto, na moyo wako ulikuwa safi. Naomba hata hivyo uliweke jambo hili akilini kama sheria isiyo na mlango wa nyuma: usimguse mwanafunzi kumwelekeza, kumzuia, kumvuta wala kumsukuma, isipokuwa kuna hatari ya papo hapo kwa mwili wake au wa mwenzake. Utasikia kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1977 ilikataa kusema viboko shuleni vinavunja katiba, na kwamba yapo majimbo ambayo hadi leo yanaviruhusu. Ni kweli, na hakukusaidii chochote. Mwalimu mgeni akishitakiwa kumshika mtoto anaweza kupoteza kazi, na kazi ikienda viza inaenda nayo. Tena hujui mikono mingine imemfanyia nini mtoto huyo nyumbani kabla ya mkono wako.

Kuitwa ofisini mara moja si kufukuzwa. Kama hujaandika maelezo, andika leo: saa ngapi, ulisimama wapi, ulishika wapi, kwa muda gani, alisema nini, ulijibu nini. Usijipambe, usijishitaki. Mpelekee naibu mkuu, na umwombe akuelekeze utaratibu wa shule pale mtoto anapokataa kukaa. Nakala yake ibaki kwako. Na kwa kuwa tumefika kwenye tahadhari, picha za darasa lako zenye sura za watoto, hata kama zinapendeza kiasi gani, zisiende kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kumbukumbu na taarifa za wanafunzi zinalindwa na sheria ya mwaka 1974, na kwa picha kila shule ina masharti yake ya idhini ya mzazi.

Swali la tatu, urudi nyumbani? Siwezi kulijibu badala yako, naweza kukuwekea mizani wazi. Viza ya J-1 ya ualimu ni ya hadi miaka 3, na inaweza kuongezwa mwaka 1 au 2 kwa ombi la shirika lililokudhamini. Imefungwa kwa mdhamini huyo na kwa kazi hiyo. Ukiacha kazi bila kuzungumza naye, programu yako inaweza kufungwa na ukatakiwa kuondoka mara moja. Zile siku 30 za kujipanga unazozisikia ni za aliyemaliza programu yake vizuri. Kwa hiyo hata ukiamua kurudi, aanze kujua mdhamini kabla ya mkuu wa shule kupokea barua yako. Angalia pia mkataba wako kama kuna gharama utakazodaiwa. Upande wa pili, kurudi si fedheha. Nimewajua walimu hodari waliorudi baada ya mwaka mmoja wakaendelea kuwa hodari. Ila uamuzi wa kurudi usifanywe Ijumaa ya wiki ya kwanza, chooni, ukiwa hujala wala hujalala. Jipe hadi mwisho wa Oktoba. Kufikia hapo utakuwa umewajua watoto kwa majina na tabia, umeingia kwenye madarasa ya wenzako ukaona wanavyofanya, na umekaguliwa darasani angalau mara moja. Ukaguzi huo usikuogopeshe. Kule ni sehemu ya kazi ya kila mwalimu. Baada ya hapo, kama bado moyo unakataa, utakuwa unaamua kwa kuijua kazi yenyewe.

Kuna mambo ambayo barua yangu haitoshi, yanataka mtu wa kuonana naye ana kwa ana. Omba leo mwalimu mlezi, ikiwezekana wa Hisabati na wa korido ileile, aje akae nyuma ya darasa kipindi kimoja tu. Ataona katika dakika kumi kile ambacho mimi nakikisia kutoka mbali. Mtoto akikueleza kwamba anapigwa, anaguswa vibaya au anaachwa bila matunzo, usiahidi kutunza siri: North Carolina kila mtu mzima, awe mwalimu au asiwe, analazimika kisheria kutoa taarifa kwa idara ya huduma za jamii ya kaunti. Mwone mnasihi wa shule siku hiyohiyo akuoneshe njia. Kama mwajiri au wakala anakuzuilia pasipoti, anakukata mshahara bila maelezo au anakutisha kwamba atakurudisha ukilalamika, anavunja haki zako, na huenda likawa kosa la jinai. Fungua kile kijitabu cha haki za wafanyakazi ulichopewa siku ya usaili wa viza, kina namba ya simu ya bure ya kuomba msaada, 1-888-373-7888. Na wewe mwenyewe: kulia Ijumaa moja ni uchovu. Zikipita wiki mbili hulali, huli, moyo unakwenda mbio kila ukiona jengo la shule, mwone daktari. Bima yako ya afya ya kazi ni kwa ajili ya siku kama hizo. Ukifikia kujisikia kwamba heri usingekuwapo, piga 988 muda huohuo, usiku au mchana, ni bure. Watafute pia Watanzania na Wakenya wa mji huo. Jumapili moja ya ugali na watu wanaokuita kwa jina lako kamili hutengeneza Jumatatu nzima.

Limebaki la yule mtoto wa Alhamisi. Usingoje akuombe radhi. Jumatatu akifika mlangoni kwako, mwite kwa jina, simama umbali wa hatua moja, mikono yako ikiwa imeshika daftari ili aione iko wapi. Mwambie kwa sauti ambayo wenzake hawataisikia: "Alhamisi nilikushika bega. Sikupaswa kufanya hivyo, samahani. Leo ukihisi unahitaji kusimama, nioneshe kidole kimoja, nitaelewa." Halafu mpishe apite, usimngoje ajibu. Mwekee kiti cha pembeni, karibu na njia, mahali anapoweza kusimama bila kumkinga mwenzake ubao.